Pembetatu Iliyofutika

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba nyonga ya mama haimsumbui sana na baridi hii ya asubuhi. Mimi sijambo. Kazi inaendelea, nakagua maboksi kiwandani mpaka nikifumba macho bado naona pembe nne.

Najua utashangaa kupata barua. Lakini kwenye simu wewe ukipewa husema, "Haya, haya, ongea na mama yako," halafu nasikia kiti kinaburutwa. Nikakumbuka zamani ulivyokuwa ukiniachia maelekezo mezani, umeyaandika nyuma ya pakiti za fyuzi. Pengine kwenye karatasi tutaelewana zaidi.

Ni habari ya gari. Ndiyo, ninalo bado lile spoti langu la siti mbili, lile ulilonisukia waya upya kwa miezi saba baada ya panya kumaliza zile za mwanzo. Nimelipeleka kwa mkaguzi, limepita kila kitu: breki, matairi, moshi. Amelikataa kwa ajili ya kitufe kimoja. Kitufe cha hazadi, zile taa za tahadhari. Kile chekundu katikati ya dashibodi. Plastiki yake imelainika na jua, ukiigusa inanata kama peremende iliyonyonywa, na ile alama ya pembetatu imefutika yote. Mkaguzi aliinama akakiangalia, akasema, "Dada, nisipoiona pembetatu, kwangu mimi hapo hakuna kitufe."

Nimepata kipya kwa mtu anayechinja magari ya aina hiyo na kuuza vipuri vyake. Gereji ya huku wanataka gari likae kwao wiki mbili, na sitaki watu wasiolijua waibandue dashibodi yako. Nataka nikibadilishe mwenyewe. Nifanyeje? Nianzie wapi?

Najua hutaki kusikia habari za gari hili. Kama utaona vigumu kujibu, nitaelewa.

Msalimie sana mama.

Ni mimi binti yako,
Fyuzi

14 Februari

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu, anasema ule mboga, usiishi kwa mikate kama panya wa stoo. Nyonga inauma asubuhi, ikifika saa nne inatulia. Mimi bado nipo getini pale shuleni, nafungua na kufunga. Watoto wananiita Babu Komeo.

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Unajua sijagusa waya tangu siku ya ajali, na mwaka huu ni wa nne. Hata balbu ya jikoni ikiungua namwita yule kinyozi jirani, anapanda stuli, mimi namshikia miguu. Lakini mama yako akasema kuandika si kugusa waya. Basi sikiliza.

Kwanza kabisa, toa waya wa hasi wa betri. Spana namba kumi. Betri yako ipo nyuma, chini ya zulia la buti, usije ukaitafuta mbele ukadhani imeibwa. Ukishautoa, ufunge kitambaa usirudi kugusana, kisha kanywe chai. Dakika kumi na tano. Sifanyi mzaha: mfuko wa hewa wa usukani unabaki na umeme kwa muda, na sitaki ukupige usoni.

Fremu ya katikati ya dashibodi imeshikwa na skrubu mbili na klipu nne. Skrubu zimejificha chini ya kisahani cha majivu, kinyanyue tu kinatoka. Kwenye klipu usitie bisibisi ya chuma, itakwaruza kila kitu. Tafuta kipande cha mbao, kichonge kama ulimi, ukivishe kitambaa. Anzia chini kulia. Itapiga kelele kama inavunjika. Ikipiga kelele ndiyo inatoka, isipopiga kelele ndiyo inavunjika.

Usiivute kwa pupa. Waya za nyuma niliziacha fupi, urefu wa kiganja, ili zisicheze. Bana soketi kwa vidole pande mbili ndiyo uivute. Shika soketi, usishike waya! Kitufe kinasukumwa kwa nyuma, kinatokea mbele. Kipya kinaingia kwa mbele mpaka kilie. Kabla hujarudisha fremu, rudisha betri, bonyeza, zunguka gari lote utazame taa zote. Zote, mbele na nyuma. Halafu ndiyo ufunge.

Umeona, nimejaza kurasa mbili. Mkono umechoka.

Baba yako

25 Februari

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Mwambie nimekula mboga, na shahidi ninaye.

Imekwisha! Nimeifanya Jumamosi asubuhi, kwenye maegesho ya nyumba ninayopanga, na nusu ya wapangaji walikuja kutoa ushauri. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alitaka tupake mafuta ya nazi kwenye klipu. Mwingine, mwalimu wa hesabu, alisimama na kikombe chake akaniambia kila baada ya dakika, "Usivunje." Nikamwambia mwalimu, hilo ndilo ninalojaribu.

Ulimi wa mbao niliuchonga kutoka kwenye mwiko. Nimeharibu miko miwili. Klipu ya kwanza ilipolia niliruka, lakini nikakumbuka maneno yako nikaendelea. Ya nne imevunjika pembeni kidogo, ila inashika. Skrubu moja ilinidondoka ikaingia kwenye upenyo kando ya gia. Nilikaa nusu saa naitafuta, kichwa chini miguu juu ya siti. Fundi cherehani akaniletea sumaku yake ya kuokotea sindano, tukaitoa pamoja na sindano mbili ambazo sijui zilifikaje humo.

Halafu fremu ikatoka, nikaona kazi yako. Sikuwa nimewahi kuiona baba. Siku ulipoifunga mimi nilikuwa kazini. Kila waya umeuvisha kitambaa cheusi, umeandika namba kwa mwandiko wako mdogo, na zimelala sambamba kama nywele zilizosukwa. Mwalimu wa hesabu alisahau kusema usivunje. Akauliza, "Nani kafanya hii?" Nikasema baba yangu. Akasema, "Bado anafanya?"

Nikainama tena kwenye dashibodi.

Nilibana soketi, nikasukuma kitufe, kikatoka. Kipya kikaingia. Nikarudisha betri, nikabonyeza, nikazunguka gari. Zote ziliwaka. Jumatatu mkaguzi ameniwekea muhuri.

Asante baba. Kweli asante.

Fyuzi

6 Machi

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba. Huku salama, ila mama yako alikuwa na mafua, sasa anaendelea vizuri.

Barua yako nilimsomea mama yako kwa sauti mara mbili. Pale pa sindano alicheka mpaka akashika nyonga.

Nina ombi. Kitufe cha zamani usikitupe. Nitumie kwa basi, kifunge kwenye pamba.

Nitakueleza kwa nini. Siku ile ya ajali ulimwambia askari uliziwasha taa, hazikuwaka. Mama yako, aliyekuwa ndani ya gari, hakuona kitu, alikuwa ametoka kutiwa dawa ya macho, lakini alisema hakusikia ile tik-tik. Betri ilipondwa pale pale, kwa hiyo sikuweza kupima. Gereji wakabadilisha waya za nyuma, taa zikawaka tena. Basi kosa lilikuwa la kuja na kuondoka. Kosa la namna hiyo, mwanangu, mara nyingi hukaa ndani ya swichi. Nami nilikuwa nimeifungua swichi hiyo na kuitengeneza kwa mikono yangu.

Miaka minne nimeogopa kujua. Sasa nataka kujua kosa langu lilikuwa wapi.

Baba yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilinibana, halafu kile kitufe sikukiona mara moja, kilikuwa kwenye droo na vitu vingine.

Nimekifunga kwenye pamba kama ulivyosema.

Baba, kimechakaa sana. Hata kama utakuta kina hitilafu sasa, haimaanishi ilikuwapo siku ile. Na hata ukikuta hakina. Nasema tu. Usijisumbue sana na jambo lililokwisha kupita.

Msalimie mama.

Fyuzi

28 Aprili

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba, na pole na kazi.

Kifurushi kilifika Alhamisi. Nilimwomba kinyozi aniondolee mizigo yake mbele ya mlango wa karakana yangu, maana tangu nifunge amepafanya stoo. Nikaingia. Vumbi la miaka minne, lakini mita yangu ilikuwa palepale ilipokuwa, nikaitia betri mpya ikaamka.

Nimekifungua kitufe chako. Juu kimechakaa kama ulivyosema, lakini ndani, vile visahani vya shaba ni visafi kama vimefungwa jana. Nikakifunga kwenye betri na taa. Nikamwita mama yako, akakaa mlangoni na bakuli la maharage. Mimi nikibonyeza, taa ikiwaka, yeye anatoa harage moja anaweka kwenye sinia. Tumebonyeza mara mia tano. Katikati akasema anasikia njaa kwa kuyatazama. Maharage mia tano, sinia zima, hakuna hata mara moja taa iliyokataa. Nikakimwagia maji nikarudia. Nikakipasha moto juani nikarudia. Inawaka.

Usiku sikulala vizuri nikiwaza, mpaka asubuhi nikapata. Ni springi. Springi ya mwanzo ilikuwa imelegea, mimi nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye swichi ya lori. Ni ngumu. Kwa dole gumba langu mimi hainipi shida. Lakini mtu aliyeshtuka, mvua inanyesha, gari limezima kwenye kona, anabonyeza haraka haraka, pengine haifiki mwisho. Anadhani amebonyeza, kumbe bado.

Nikumbushe. Siku ile ulipobonyeza, uliona kigumu? Kilifika mwisho kikalia?

Baba yako

9 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima.

Ndiyo. Nikikumbuka sasa, kilikuwa kigumu. Labda hakikufika mwisho.

Lakini si kosa lako baba. Mtu yeyote angeweka springi hiyo. Tafadhali tuliache jambo hili.

Fyuzi

20 Mei

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba. Tupo, tunashukuru.

Huwezi kuamini jinsi nilivyolala usiku wa siku niliyopata barua yako. Ni ajabu mtu kuambiwa kosa lake akalala, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kosa lenye jina si sawa na kosa lisilo na jina. Miaka yote hii nikiona waya nilikuwa nadhani mikono yangu yote ni mibovu. Kumbe ni springi moja.

Sasa nimefanya hivi. Nimekaa na daftari langu la zamani nikatafuta magari yote niliyoyafungia swichi zenye springi ya namna ile. Ni kumi na moja. Nimewaandikia wote barua. Nimewaambia ukweli kwamba kwa sababu ya kazi yangu mbaya mke wangu mwenyewe amepata kilema, na kwamba walete magari niyatoe springi hizo kabla hazijamdhuru mtu. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya Jumamosi. Wa kwanza amekwisha kuja, yule daktari wa mifugo. Alinishika mkono kwa muda mrefu akasema hajawahi kuona fundi anayemtafuta mteja kumwambia amemkosea.

Mama yako hakupenda. Anasema najitangaza barabarani. Lakini mwanangu, wewe umeniambia ukweli, nami nifanye nini kama si kuwaambia wengine?

Nakushukuru.

Baba yako

24 Mei

Baba,

Shikamoo. Tafadhali isome barua hii mpaka mwisho.

Acha kuwaandikia watu. Acha kutoa springi. Springi haina kosa. Swichi haina kosa. Hakuna chochote kwenye gari lile kilichokuwa na kosa isipokuwa mimi.

Sikubonyeza.

Mvua ilikuwa kubwa, gari likazima pale kwenye kona baada ya daraja. Nilikuwa nataka kuliwasha tena, simu ikaita. Alikuwa bosi. Nilikuwa nikiisubiri simu ile wiki nzima, ya kunipa usimamizi wa ukaguzi. Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati la gari, simsikii. Nikamwambia mama, "Nakuja sasa hivi," nikafungua mlango nikakimbilia kibaraza cha duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa na ile dawa machoni, haoni mbele yake. Akasema, "Usikae sana." Hayo ndiyo maneno yake. Nilisimama pale, kidole kimoja kimeziba sikio. Bosi alikuwa anasema hongera, nami nasema asante, asante sana, nikasikia kishindo. Nilikuwa bado nasema asante, baba. Lile pikapu lililobeba mbao lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya gari.

Ulipofika umelowa, askari akaniuliza mbele yako, "Mbona hukuwasha taa za tahadhari?" Nikasema, "Niliwasha, hazikuwaka." Neno lilitoka kama mtu anavyokinga uso. Nikakuona unaitazama mikono yako. Ulisema tu kwa askari, "Waya ni zangu."

Nilidhani nitakwambia mama akitoka chumba cha upasuaji. Halafu nikasema akitoka hospitali. Halafu akianza kutembea. Ulipofunga karakana nilisema moyoni, amezeeka, alihitaji kupumzika. Fikiria, nilijiambia hivyo. Kile cheo nilikipata, na mpaka leo ninakalia kiti hicho.

Ulipoomba kitufe, kilikuwa juu ya meza yangu siku zote. Si kweli kwamba hakikuonekana. Wiki tano nilikaa nacho na tupa mkononi. Nilitaka kuvikwaruza vile visahani vya shaba ili ukute hitilafu. Nilikuwa nimekwisha kukifungua. Nikaona mwandiko wako mdogo ndani ya kifuniko, umeandika tarehe na neno "sawa". Nikashindwa. Nikadhani kwa kushindwa kule nimekuwa mtu mwema kidogo. Halafu ukaniuliza habari za springi, nami nikasema ndiyo.

Sijui niseme nini zaidi. Sistahili kukuomba msamaha kwa barua, lakini sina ujasiri wa kusimama mbele yako. Niambie nije, nitakuja siku hiyo hiyo.

Fyuzi

2 Julai

Fyuzi,

Nimesoma mpaka mwisho. Nimemsomea na mama yako, kwa sababu barua ile ilikuwa yake zaidi kuliko yangu.

Ngoja nikueleze kitu usichokijua. Mama yako hawezi kuinama. Kila asubuhi namvalisha viatu na kumfunga kamba. Mwaka wa kwanza, kila nilipopiga goti pale, nilimwomba radhi. Kila asubuhi. Naye ananishika kichwa, anasema, "Nimekwisha kukusamehe, funga kiatu." Baadaye niliacha kusema kwa mdomo, lakini kwenye goti lile lile nikawa nasema kimoyomoyo. Mpaka mwezi uliopita.

Nilipomaliza kumsomea aliichukua barua mkononi mwake. Akasema, "Kumbe nimekuwa nikimsamehe mtu ambaye hakunikosea." Halafu akalia. Hospitalini hakulia hivyo. Sijui alikuwa anakulilia wewe, ananililia mimi, au anaililia nyonga yake. Sikuuliza.

Hukubonyeza. Sawa. Mtu husahau. Mimi mwenyewe niliwahi kumrudishia mtu gari lisilo na taa za breki, nikakumbuka saa mbili baadaye, nikamfukuza kwa baiskeli. Hata ule uongo wa pale barabarani naweza kuuelewa, ulikuwa umechanganyikiwa. Kinachoniuma ni springi. Nilikuuliza nikiwa nimekwisha kukufungulia mlango mwenyewe, kosa nimelibeba begani, nakuuliza tu kama ni kweli. Ukapita mlango ule. Ukaniacha nikawaandikia watu kumi na moja.

Watatu walikuwa wamekwisha kuleta magari. Springi nilizotoa zilikuwa nzima. Nimezirudisha moja moja. Daktari wa mifugo aliniuliza kulikoni, nikamwambia nilikosea hesabu.

Usije. Nikikuona sasa nitasema neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni. Na mama yako usimpigie mpaka yeye akupigie.

Karakana naifungua Jumamosi.

Baba yako

11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sitakuja, na sijampigia mama. Natumaini mko wazima.

Naandika tu kukueleza nilichofanya, si ili unijibu. Nilichukua likizo nikaenda kituo cha polisi wa usalama barabarani, kile cha huko nyumbani, nikabadilisha maelezo yangu ya siku ile. Nililala kwa rafiki, sikukaribia mtaa wenu. Ofisa aliyekuwa zamu alinitazama kama mtu mzima aliyerudisha kalamu aliyoiba shule ya msingi. Akauliza, "Miaka minne imepita, unataka tufanye nini?" Nikamwambia aandike tu kwamba waya zilikuwa nzima na aliyezifunga hakukosea. Akaandika, nikatia saini.

Wale watu kumi na moja, yule mama wa duka la vipuri ulikokuwa ukinunua, anayewajua wateja wako, alinisaidia kupata anwani zao. Nimewaandikia wote kwa mkono wangu. Nimewaambia nani aliyekosea. Daktari wa mifugo pia. Hukukosea hesabu, na sasa anajua.

Bosi nimemwambia simu ile aliipiga saa ngapi, na nini kilitokea alipokuwa akiongea. Alikuwa hajui. Alikaa kitini.

Siombi kitu. Mvua zikianza, mama asitoke bila fimbo yake.

Fyuzi

21 Septemba

Mwanangu Fyuzi,

Shikamoo yako ya Agosti nilikuwa sijaiitikia. Marahaba. Na ile ya Mei, marahaba.

Sisi huku wazima. Mvua zimeanza. Jumamosi nina magari mawili, matatu, ninakwenda polepole. Daktari wa mifugo alikuja na barua yako mfukoni, hakuitaja, aliniletea tu redio ya gari niitengeneze.

Bado nina hasira. Nakwambia usije ukadhani imekwisha. Kuna asubuhi naamka haipo, nikimaliza kunywa chai imerudi. Usiniulize itaondoka lini.

Sasa kuna jambo. Mama yako mdogo amehamia nyumba mpya, ile aliyoijenga miaka yote hii, na amemwalika mama yako aende akaione Jumapili ijayo. Ni mwendo wa saa mbili. Majirani wenye magari wapo, kinyozi naye ameshajitolea, kwa hiyo usidhani tumekosa usafiri.

Gari lako lina siti mbili. Mimi nitabaki.

Nimemuuliza mama yako mara mbili kama haogopi. Mara ya kwanza aliniambia nifunge kiatu. Mara ya pili akasema anaogopa sana. Halafu akasema, mwandikie aje.

Baba yako